Kinga ya Bunge: inamlinda mbunge wapi, na inaishia wapi

"Kama ana ushahidi, akayaseme hayo nje ya Bunge!" Kauli hii haikosekani kila mbunge anapomtaja mkubwa fulani kwa jina na kumtuhumu ufisadi. Anayeitoa anajua anachosema. Maneno yale yale yakitamkwa kwenye mkutano wa hadhara, msemaji anaweza kuburuzwa mahakamani kwa kashfa. Yakitamkwa ukumbini Dodoma, mahakama haiyagusi.

Hiyo ndiyo kinga ya Bunge. Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania inazuia mbunge kushtakiwa au kudaiwa mahakamani kwa jambo alilolisema au kulifanya ndani ya Bunge, au alilolifikisha humo kwa muswada, hoja au maombi. Kenya wanayo ya kwao, Ibara ya 117.

Asili yake ni Uingereza, na haikupatikana bure. Mwaka 1629 Mfalme Charles wa Kwanza alimfunga mbunge John Eliot kwa upinzani wake bungeni, na mwaka 1632 Eliot akafia kifungoni, London. Ilipofika 1689 ndipo sheria ikatamka kwamba mijadala ya Bunge haihojiwi mahakamani. Kwangu mimi, anayelindwa hasa ni mpiga kura: mbunge mwenye hofu ya pingu atauliza nini kuhusu fedha zetu?

Wengi hudhani basi mbunge hagusiki. Si kweli hata kidogo. Kinga inafuata kazi, haimfuati mtu. Akimgonga mtu kwa gari au akitoa rushwa jimboni, anashtakiwa kama yeyote. Huko huko Uingereza, wabunge waliodaiwa kughushi madai ya gharama zao walijitetea kwa kinga hii. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikawakatalia: kujaza fomu ya kulipwa si kuchangia mjadala. Mmoja wao, David Chaytor, akafungwa.

Hata ndani ya ukumbi hakuna ruhusa ya kuropoka. Spika anaweza kumtaka mbunge athibitishe, au afute kauli. Akikaidi, anaweza kupelekwa Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na akasimamishwa kuhudhuria vikao.

Na akishatoka, akarudia tuhuma zile mbele ya vinasa sauti vya waandishi pale nje, hapo anaongea kama mimi na wewe.