Mhudumu wa ndege ya mizigo akitekwa vitani si jasusi

Ujumbe unaozunguka katika makundi ya mtandaoni hudai kwamba mhudumu wa ndege ya uchukuzi ya kijeshi akikamatwa na adui hahesabiwi kuwa mateka wa vita, kwa kuwa kazi yake ni mizigo wala si kupigana, na hivyo aweza kuhukumiwa kama jasusi. Si kweli. Mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu mateka wa vita uliwataja waziwazi wanajeshi wanaotekwa katika mapambano ya angani, na ule wa Tatu wa 1949 unawahusu hata raia wanaofanya kazi ndani ya ndege za kijeshi. Anayetaka kuhakikisha asome kifungu cha 4, hakihitaji wakili.

Septemba 1944, baadhi ya ndege za uchukuzi aina ya Dakota zilizodondosha shehena Arnhem, Uholanzi, zilitunguliwa, na baadhi ya wahudumu walionusurika wakawekwa katika kambi za mateka nchini Ujerumani.

Tunaomba ujumbe huo usisambazwe tena, hasa kwa jamaa za wanajeshi, ambao huusoma kwa hofu.

Yaelekea mkanganyiko unatokana na majasusi walioshushwa usiku kwa miavuli kutoka ndege za aina hiyohiyo. Jasusi ni yule anayekusanya habari kwa kificho, wala si mwanajeshi mwenye sare aliyemsafirisha.