Saa 48 si kifungo

Wiki iliyopita mama mmoja anayeanika dagaa Igombe alikuja kibandani kwangu. "Mwanangu, mkuu kamweka kijana wangu ndani saa 48. Akizimaliza atatoka." Alikuwa anazihesabu kwa vidole. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mwanza, na hakuna kauli inayoniuma kama hiyo.

Watu wanaamini mkuu wa wilaya au wa mkoa anaweza kumlaza mahabusu siku mbili yeyote aliyemkera: aliyemjibu mkutanoni, aliyekataa mchango. Hapana! Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kifungu cha 7 na cha 15, inataka mambo mazito. Ama mtu ametenda kosa la jinai la kukamatwa na kushtakiwa, mkuu akiliona au akilijua. Ama anaelekea kuvunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia isipokuwa kumweka ndani. Kumjibu mkubwa hakumo humo. Na hizo saa 48 ni ukomo, si kifungo: kabla hazijaisha afikishwe kwa hakimu, la sivyo aachiwe, wala asikamatwe tena kwa sababu ileile. Mkuu anayeyatumia vibaya mamlaka hayo, naye anashtakika.

Kwa hiyo msikae nyumbani kuhesabu saa. Nendeni kituoni, ulizeni kosa, andikeni saa aliyoingia. Nasema hivi kila siku na nitaendelea kusema: saa ya kuingia, iandikeni!

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia kila siku. "Dhamana ya polisi ni hela." Hapana, ni bure.

"Mgambo akibeba mzigo wako, imekula kwako." Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu. Dai karatasi yenye orodha ya kila ndoo na mizani iliyochukuliwa.

"Anayehoji mabavu ya dola anataka vurugu." Anataka mwenye pingu afuate sheria kama anavyofuata mwenye mtumbwi. Tena haki hizi si zawadi ya ofisi yoyote. Ibara ya 12 inasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Huzaliwa, jamani.

Yule mama nilikwenda naye kituoni jioni ileile. Daftarini kijana wake alikuwa ameandikwa kuingia saa tatu asubuhi. Mahali pa kuandika kosa palikuwa patupu.