Mbona rangi za picha hubadilika kila skrini? Dhana potofu na ukweli

Umekaa na picha mpaka rangi ya ngozi ikakubali, ukaituma, kisha mwenzako anakuuliza mbona watu wamekuwa wekundu. Hapo ndipo maelezo ya kila aina yanapoanza kumiminika, na mengi hayana mashiko.

Dhana: Picha imeharibika njiani.

Mara nyingi haijaharibika. Ni kweli programu za kutumiana ujumbe hubana picha, lakini kinacholiwa zaidi hapo ni ukali wake, si rangi.

Ukweli ni kwamba ndani ya faili hamna rangi, mna namba. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Chukua pikseli yenye 200, 120 na 80, kahawia yenye wekundu kidogo. Ile 200 inaiamuru skrini iwashe nyekundu kwa kiwango hicho, lakini nyekundu ipi? Ni ile iliyo nayo. Skrini moja nyekundu yake imeiva, nyingine inaelekea rangi ya chungwa. Moja nyeupe yake ina ubluu, nyingine ina umanjano. Amri ni ileile, kinachoonekana ni viwili.

Ndiyo sababu mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza sRGB, ambayo mwaka 1999 ikawa kiwango cha kimataifa. Kiwango hicho kinazipa namba maana: nyekundu ni ipi, nyeupe iwe ya takriban kelvini 6500 (kipimo cha ubluu au umanjano wa mwanga), na mwanga upande vipi kutoka nyeusi hadi nyeupe, yaani gama ya takriban 2.2. Sasa picha iliyohifadhiwa kwa Adobe RGB, kiwango kingine chenye wigo mpana zaidi wa rangi, ikivuliwa profaili yake, yaani maelezo ya namba zake zisomwe kwa kiwango kipi, kisha ikasomwa kama sRGB, hupauka. Katika hali hiyo anayelaumu njia ana haki yake.

Dhana: Skrini ya bei mbaya haina haja ya kusawazishwa, yaani kurekebishwa ili itoe rangi inavyotakiwa.

Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa zivutie dukani, chini ya taa kali. Mwangaza wa kandela 250 hadi 350 kwa kila mita ya mraba ni wa kawaida kabisa, ilhali wahariri wa picha, hasa za kuprinti, hupendelea 80 hadi 120. Lile lalamiko la kila siku, kwamba picha imetoka giza kwenye karatasi, huanzia hapa. Printa inasingiziwa tu: skrini iling'aa kupita kiasi, nawe ukaipunguzia picha mwanga ukidhani unairekebisha.

Tena skrini ya bei mbaya inaweza kupotosha zaidi. Zile zenye wigo mpana wa rangi, zikitumiwa na programu isiyojua kusoma profaili, huichukua picha ya kawaida ya sRGB na kuikoleza mpaka majani yanaonekana kama yamepakwa rangi.

Dhana: Macho yangu yanatosha.

Hayatoshi, na si kwa sababu ni mabovu. Jicho huzoea nyeupe yoyote linayopewa. Washa ile hali ya usiku inayotia skrini umanjano, fanya kazi zako kwa muda, na ukurasa utauona mweupe tu. Izime ghafla, na skrini ileile itaonekana ya bluu. Ile picha ya gauni iliyozua ubishi duniani Februari 2015, wengine wakiona bluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu, iliwagawa hata watu waliokuwa wakitazama skrini moja.

Kwa hiyo hutumika kipima rangi, kifaa kidogo kinachoning'inizwa juu ya kioo cha skrini. Programu yake huonyesha kiraka kimoja baada ya kingine, kifaa kinapima kilichotoka na kukilinganisha na kilichotakiwa. Kazi huwa mbili, ingawa watu huzichanganya. Kwanza skrini husawazishwa: mwangaza, nyeupe, na mpando wa kijivu. Kisha huandikwa profaili ya skrini yenyewe, maelezo ya jinsi inavyotoa rangi, ambayo programu inayojua kuisoma huitumia kurekebisha namba kabla hazijaonyeshwa.

Dhana: Nikishasawazisha, kila mtu ataona ninachoona mimi.

Hii ndiyo inayowavunja moyo wengi, wakaona kazi yote ni ya bure. Huwezi kusawazisha skrini za watu. Lakini skrini za watu hukosea huku na huko: hii ina ubluu, ile ina umanjano, nyingine ina giza. Ya kwako ikiwa na ubluu, utaitia picha umanjano ili ikae sawa machoni pako, na umanjano huo sasa umo ndani ya faili. Mwenye skrini nzuri atauona. Mwenye skrini ya manjano atauona mara mbili. Skrini iliyosawazishwa inakuondolea kosa hilo moja, lililo mikononi mwako.

Dhana: Mac huonyesha picha zikiwa na mwanga zaidi kuliko Windows.

Ilikuwa kweli zamani, Mac zilipotumia gama ya 1.8. Toleo la 10.6 la mfumo wa Mac, la mwaka 2009, lilihamia 2.2.

Dhana: Bila kifaa, hakuna la kufanya.

Yapo mengi. Acha skrini iwake kama nusu saa kwanza. Zima hali ya usiku na ule mwangaza unaojibadilisha wenyewe. Kama menyu ya skrini ina chaguo la sRGB, lichague, kisha punguza mwangaza, na usikae dirisha likikupiga kiooni. Halafu fungua mstari wa vivuli vya kijivu kutoka 0 hadi 255: vya karibu na nyeusi visimezane, na katikati pasiwe na uwaridi wala ukijani. Picha ya kuwekwa mtandaoni, ihifadhi kwa sRGB na profaili yake ikiwa ndani.