Stonehenge na Bath kwa basi, siku moja ya Desemba

Saa ya Kiswahili imepimwa kwa jua letu: linachomoza kama saa kumi na mbili na kuzama kama saa kumi na mbili. London, tarehe 21 Desemba, jua linachomoza saa 2:04 asubuhi na kuzama saa 9:53 alasiri. Mwanga wa siku nzima haufiki hata muda wa saa nane. Safari ya basi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo inakula saa kumi na mbili na ushee, kwa hiyo zaidi ya theluthi yake itakuwa gizani upende usipende. Kabla ya kutazama bei, panga kwanza nini kionwe mchana na nini kinaweza kungoja taa.

Safari nyingi zinazouzwa zina vituo vitatu: Windsor penye kasri, Stonehenge penye duara la mawe makubwa ya kale, na mji wa Bath. Kiangazi hakuna neno. Desemba na Januari, chagua viwili. Ukianza na Windsor, Stonehenge utafika kama saa saba mchana na Bath karibu saa kumi, na Bath ni mji wa kutazamwa kwa nje, majumba ya mawe ya rangi ya asali ambayo gizani hutayafaidi. Tena kasri la Windsor hufungwa Jumanne na Jumatano.

Ratiba ninayoiamini ni hii: basi liondoke London saa 2:00 asubuhi, Stonehenge saa 4:30, kuondoka saa 6:30 mchana, Bath saa 7:45, kuondoka saa 11:30 jioni, London saa 2:30 usiku. Tiketi itaandikwa kwa saa ya Kiingereza, 08:00, na hapo ndipo mgeni aliyetoka nyumbani juzi anapojichanganya. Mwandikie kwenye simu saa zote mbili.

Wapo wanaotaka kuanza na Bath ili wawahi machweo pale kwenye mawe. Nawaelewa, kwa sababu Stonehenge imepangwa kufuata jua: siku fupi kuliko zote linazama kusini-magharibi, kwenye mstari uleule wa mawe unaoelekea macheo ya siku ndefu kuliko zote. Lakini majira ya baridi mgeni wa mwisho huingizwa saa 9:00 alasiri, na barabara ya A303, baada ya Amesbury, inabana kutoka njia nne hadi mbili, huku madereva wakipunguza mwendo kuchungulia mawe. Foleni ya nusu saa inatosha kukukosesha kila kitu. Mpango wa kuchimba handaki pale ulifutwa mwaka 2024, basi foleni hiyo ipo na itaendelea kuwapo. Ukienda, kaa upande wa kulia wa basi: mawe yatakujia kulia muda mfupi kabla ya kipilefti cha Longbarrow, na jua la chini la asubuhi halitakuchoma macho.

Dereva naye ana mipaka yake. Kanuni ya kawaida inamruhusu kuendesha saa 9 kwa siku, na baada ya saa 4 na nusu za usukani lazima apumzike dakika 45. Kifaa kilichomo ndani ya basi kinarekodi kila dakika. Ndiyo maana hawezi kukungoja ukiwa dukani unachagua sumaku za friji, na dakika ishirini za mchelewaji mmoja watu wote hamsini wanazilipa kwa mwanga wa Bath.

Kutoka jengo la wageni hadi kwenye mawe ni kama kilomita mbili na nusu, na kuna basi dogo la kuwapeleka watu. Pandeni hilo wakati wa kwenda, maonyesho ya ndani yaacheni hadi mrudi, mkiwa mnatafuta joto. Uwanda wa Salisbury hauna mti wa kukinga upepo: kwa nyuzi 5 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unahisi sifuri. Koti zito peke yake halisaidii. Vaa fulana ya kubana mwilini, sweta la sufu, kisha koti lisilopitisha upepo. Viatu viwe vya kuzuia maji, kwa maana nyasi huwa zimelowa na baridi huanzia miguuni.

Ukifika, tafuta jiwe refu kuliko yote, lililosimama peke yake kwenda juu mita 6.7, na mita 2.4 nyingine zikiwa ardhini. Juu kabisa utaona kinundu cha jiwe. Huo ni ulimi, kama wa fundi seremala anapounga miguu ya meza: jiwe la juu, lililolala kama lenta ya mlango, lilitobolewa tundu la kuupokea ulimi huo. Wajenzi wa karibu mwaka 2500 KK walichonga jiwe kama mbao, na walichongea kwa jiwe. Kamba inakuzuia kusogea, kwa hiyo darubini ndogo ina faida kuliko kamera kubwa.

Bath, usikimbilie mabafu ya Kirumi. Yana taa, na tiketi yake kata ya saa 10:00. Pandeni kwanza Royal Crescent, dakika kama kumi na tano kwa mguu kutoka kanisa kuu: nyumba 30 zilizoungana kwa umbo la mwezi mwandamo, zilizojengwa kati ya 1767 na 1774. Mkishuka, giza likiingia, ndipo mabafu yanapopendeza. Chemchemi inatoa maji ya nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, na hewa ikiwa baridi mvuke unatanda juu ya bwawa. Maji ni ya kijani kwa sababu paa la Kirumi halipo tena na mwani unapata mwanga. Chini yake bado zipo bati za madini ya risasi walizotandika Warumi. Maji hayo usiyaguse, hayajatibiwa.

Kwa anayeswali: Adhuhuri inaingia kama saa 6:05 mkiwa Stonehenge, Alasiri karibu saa nane mkifika Bath, Magharibi saa kumi. Zote ndani ya saa nne. Masafa yanatosha kukusanya na kupunguza swala, na Adhuhuri pamoja na Alasiri ni rahisi zaidi kabla ya kupanda basi saa 6:30. Chukua udhu London, maana vyoo vya pale huwa na foleni.

Usiku ule usipange treni ya mwisho ya kurudi Leicester au Reading. Ukungu ukishuka kwenye M4, barabara kuu ya kurudi London, saa 2:30 inageuka saa nne.