Kwa nini wabanguaji wa korosho huvua glavu

Mara ya kwanza nilipoingia kiwanda cha kubangua korosho kama mnunuzi, nilimwamkia mama mmoja shikamoo nikamnyooshea mkono. Hakunipa kiganja. Alikunja ngumi akanipa kifundo, kama mtu aliyekatizwa katikati ya kula wali. "Marahaba mwanangu, mikono yangu mibaya hii," akasema, akageukia kazi yake. Nikadhani ni majivu tu. Majivu yalikuwepo kweli, maana huyapaka ili kukausha mafuta ya maganda. Lakini chini yake ncha za vidole zilikuwa nyeusi, na ngozi inabanduka.

Mimi hununua malighafi za kampuni ya biskuti na vitafunwa hapa Dar es Salaam: unga, sukari, ufuta, korosho. Siku hiyo huko Mtwara nilikuwa na fomu ya ukaguzi mkononi. Kuhusu mikono ya watu, fomu ilikuwa na swali moja tu: wafanyakazi wamepewa glavu? Walikuwa wamepewa, nilizikuta zimeanikwa dirishani. Nikaweka vema, nikaenda swali linalofuata.

Ile vema imenisumbua muda mrefu.

Ganda la korosho si kama la karanga. Lina tabaka mbili, na katikati pana vijishimo kama sega la nyuki vilivyojaa mafuta mazito yenye asidi ya anakadiki na kadoli. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo aliyewahi kuungua midomo kwa utomvu wa embe bichi ameonja kidogo tu ya kile anachokishika mbanguaji kutwa nzima. Korosho ghafi hupitishwa kwenye mvuke ili ganda lilegee, huachwa zipoe hadi kesho yake, ndipo hupasuliwa moja moja kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu. Mmoja anakanyaga, mwenzake anachokoa kiini kwa kisu kidogo. Hapo ndipo mafuta yanaporuka.

Glavu nene zinazuia mafuta. Pia zinaua hisia za vidole, na kiini cha korosho ni chepesi kukatika. Sasa weka juu yake namna ya kulipa: mbanguaji analipwa kwa kilo, na korosho nzima ina bei yake, vipande vina bei ya chini kabisa. Akivaa glavu anapunguza kilo na anaongeza vipande. Mwenye watoto wanne atachagua nini? Msimamizi anaweza kupiga kelele asubuhi, ikifika saa nne glavu ziko dirishani.

Aliyetaka korosho nzima ni nani? Ni mimi. Oda yangu ilisema W240, nyeupe, nzima. Kwa asiyeijua lugha hii, hiyo namba ni idadi ya punje zinazoingia kwenye ratili moja, yaani karibu gramu 454. W180 ni kubwa na ghali, W320 ni ndogo zaidi na ndiyo inayouzwa sana duniani. Tulikuwa tunaagiza W240 kwa ajili ya biskuti. Zikifika Dar, mashine yetu inazikatakata kabla hazijaingia kwenye unga. Nilikuwa nalipa bei ya juu kwa kitu ambacho nakivunja mwenyewe, na mikono ya yule mama ndiyo iliyogharimia uzima wake. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, na mimi sikujiuliza. Oda niliirithi kwa mtu niliyempokea ofisi.

Tukabadilisha. Biskuti zote sasa zinatumia vipande, na kwa kuwa vipande ni rahisi, pesa ikabaki. Vita ilikuwa hapo: mhasibu aliiona kama faida, mimi niliiona kama deni. Mwishowe tulikubaliana sehemu yake iende kiwandani kwa sharti kwamba wabanguaji wa mzigo wetu walipwe kima cha siku, na nyongeza ya korosho nzima iwe ndogo. Nilirudi baada ya miezi kadhaa bila kutoa taarifa. Glavu zilikuwa mikononi, si zote, lakini nyingi. Wengine walikuwa wanapaka mafuta ya nyonyo na kusema glavu zinawatoa jasho. Hilo nalo ni kweli, joto la kusini halina mzaha.

Watu wanaotoa vyeti vya bidhaa huniuliza zaidi habari za mkulima, na wana haki, ingawa huko mnunuzi kama mimi ana nguvu kidogo. Korosho ghafi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008: mkulima anapeleka mzigo kwenye AMCOS yake, yaani chama cha ushirika cha msingi, unaenda ghala kuu, unapigwa mnada. Mfumo una kelele zake, na hakuna anayesahau Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo huku jeshi likisomba mizigo. Lakini kinachomuumiza mkulima mdogo mara nyingi huanza kabla ya mnada, kwenye kangomba. Nyumba haina unga, mtoto anadaiwa mchango, korosho bado ziko juu ya mti. Anakuja mtu na fedha taslimu, anapima kwa bakuli, anachukua kwa bei ya kutupa. Ni kosa kisheria na kila kijiji kinajua nani anafanya.

Kangomba sikuweza kuigusa. Nilichoweza kukigusa ni siku zetu za malipo. Mwenye kiwanda cha kubangua hapa nchini lazima anunue korosho ghafi ya mwaka mzima katika miezi michache ya minada, kuanzia Oktoba, akigombania na wafanyabiashara wanaosafirisha ghafi kwenda India na Vietnam. Kupata kilo 1 ya korosho karanga, yaani viini vilivyobanguliwa, anahitaji ghafi kama kilo 4 hadi 5. Fedha yake yote inalala ghalani. Sisi tulikuwa tunamlipa siku 60 baada ya kupokea mzigo, halafu tunashangaa kiwanda kimefungwa Julai na akina mama wamerudi nyumbani. Sasa tunatanguliza sehemu ya fedha mwanzoni mwa msimu. Katika yote tuliyofanya, nadhani hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na halipendezi kwenye picha za matangazo.

Kuna waliotushauri tuache usumbufu, tununue korosho zilizobanguliwa Vietnam. Bei nzuri, ubora haubadiliki, mashine nyingi. Shida ni kwamba pakiti inakuambia ilikobanguliwa, haikuambii zaidi. Sehemu kubwa ya ghafi inayobanguliwa kule inatoka Afrika, na ikishaingia kiwandani inachanganywa. Septemba 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu vituo vya serikali ya Vietnam ambako waraibu wa dawa za kulevya walizuiliwa na kulazimishwa kufanya kazi, kubangua korosho ikiwa mojawapo. Sisemi kila korosho ya Vietnam ina historia hiyo. Ninasema nikiwa Dar siwezi kuingia pale bila taarifa nikaangalia dirisha lina nini. Mtwara naweza, basi la usiku linanifikisha.

Limebaki jambo moja nililoshindwa. Makopo yetu ya zawadi za Idi na Krismasi bado ni W240, nyeupe, nzima. Wenzangu wa mauzo wanasema mteja akifungua kopo akaona vipande atalirudisha, na nikiwa mkweli, mimi mwenyewe nikipelekewa vipande ukweni nitaona aibu. Nimependekeza kopo la korosho zilizokaangwa kwa pilipili na ndimu, vipande na nzima pamoja, maana viungo huficha rangi. Sampuli ziko mezani kwangu. Pilipili imezidi kidogo.