Dola ya kiti mwendo: kwa nini imekuwa adimu

Katika sarafu za kumbukumbu za michezo ya watu wenye ulemavu, ninayoulizwa zaidi ni dola ya fedha ya Marekani ya 1996, yenye picha ya mwanamichezo wa kiti mwendo. Si sarafu ya kale, mbona bei yake imepanda hivyo?

Jibu liko kwenye mauzo. Kwa ajili ya michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Atlanta ya 1996, Marekani ilitoa miundo 16 ndani ya miaka miwili, kila muundo kwa namna mbili: sarafu 32 kwa jumla. Mkusanyaji wa kipato cha kawaida angezimudu wapi? Tena kila dola ya fedha ilibebeshwa nyongeza ya dola 10 ya kuchangia michezo. Wanunuzi walichoka. Dola ya kiti mwendo ya umaliziaji wa kawaida iliuzwa 14,497 tu. Ile yenye mng'aro wa kioo, ambayo hupigwa kwa mihuri iliyong'arishwa, ilifika 84,280.

Basi kabla hujalipa, tafuta herufi ya kiwanda kilichoipiga sarafu. D ni Denver, ile ya umaliziaji wa kawaida, na hiyo ndiyo adimu. P ni Philadelphia, ile ya mng'aro wa kioo. Ipime pia: gramu 26.73, kipenyo milimita 38.1. Na tafadhali, usiisugue kamwe hata ikififia, maana mikwaruzo ya kitambaa hushusha bei yake papo hapo.

Moyo wangu, hata hivyo, uko kwa dola ya 1995 ya mfululizo huohuo. Inaonyesha mkimbiaji asiyeona akiwa ameunganishwa kwa kamba na mwongozaji wake, na maandishi ya nukta nundu yamo. Mchoraji angeweza kumwacha mwanariadha peke yake, kama ilivyo desturi ya sarafu nyingi. Akachagua kuwaonyesha wote wawili, na mbio hizo ndivyo zilivyo.

Uingereza ilifuata njia ninayoipenda zaidi. Mwaka 2011, kuelekea michezo ya London, ilitoa peni 50 za michezo 29, zikiwemo za bochia (mchezo wa kurusha mipira karibu na mpira lengwa), raga ya viti mwendo na goliboli, mchezo wa wasioona ambao mpira wake una kengele ndani. Kila moja kati ya hizo tatu ilizidi nakala milioni 1.5, nazo ziliingia sokoni kama pesa ya kawaida, kwa hiyo hata asiyejua lolote kuhusu ukusanyaji alirudishiwa kama chenji dukani. Ukiwa na jamaa huko, mwombe apekue chenji zake.