Pikipiki kubwa ya safari na kona: kosa si uzito

Wengi huamini pikipiki ya safari ndefu kama Honda Gold Wing, yenye kilo zaidi ya 360, haifai kwenye kona nyingi. Si kweli. Injini yake ya silinda 6 imelala, silinda 3 kila upande, hivyo uzito mwingi uko chini. Uzito huo huusumbua mkono hasa kwenye maegesho, mwendo ukiwa mdogo.

Kosa la wengi ni kuegemeza mwili tu. Haitoshi! Ukiwa kwenye mwendo, sukuma mpini wa kushoto mbele: pikipiki italala kushoto na kukata kushoto. Hata baiskeli hufanya hivyo.

Mpaka wake halisi ni kimo cha sehemu zake za chini kutoka lami. Kwenye barabara ya US 129 huko Tennessee, Marekani, penye kona 318 ndani ya kilomita 18 hivi, vikanyagio hukwaruza lami mapema. Ukibeba abiria na mizigo bila kukaza springi ya nyuma, mapema zaidi. Kaza springi kabla ya kuondoka, punguza mwendo kabla ya kona, na macho yatazame kona inakoishia. Kikanyagio kikikwaruza, usiachie mafuta ghafla: pikipiki itadidimia na kuikaribia lami zaidi.